Kutafuta Chanzo cha Sauti Mbovu Katika Mfumo wa Muziki wa Nyumbani: Mwongozo Kamili

Sauti mbovu katika mfumo wa muziki wa nyumbani mara chache hutokana na kifaa kilichokufa. Mara nyingi zaidi hutokana na waya uliolegea, spika moja iliyounganishwa kinyume, mpangilio uliobadilishwa kwenye menyu na kusahauliwa, au spika zilizowekwa mahali pasipofaa chumbani. Ndiyo maana mtu anayekimbilia kununua amplifaya mpya kabla ya kufanya uchunguzi huweza kujikuta ana kifaa kipya na tatizo lile lile. Mwongozo huu unafuata njia moja tangu mwanzo hadi mwisho: kuigawa safari ya sauti katika vipande, kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kusikiliza iwapo kasoro imehama pamoja na kitu hicho au imebaki pale pale ilipokuwa.

Maandalizi

Kazi hii haihitaji karakana. Inatosha kuwa na bisibisi, tochi, kitambaa kikavu, koleo ya kumenyea waya, kebo moja ya ziada ambayo una hakika kuwa ni nzima na, ikiwezekana, multimita ya kawaida, yaani kipimo cha volti na ukinzani. Kilicho muhimu kuliko vifaa vyote hivyo ni muziki wa kupimia. Chagua rekodi mbili au tatu unazozifahamu vizuri sana, moja ikiwa na mwimbaji anayesikika mbele ya ala, nyingine ikiwa na besi inayopanda na kushuka kwa noti tofauti tofauti, kisha uongeze mazungumzo ya mtu mmoja yasiyo na muziki nyuma yake. Sikio la binadamu limeizoea sauti ya binadamu kuliko ala yoyote, kwa hiyo msemaji anayesikika kana kwamba yumo ndani ya pipa huifichua kasoro ambayo gitaa au kinanda kingeweza kuificha.

Zima amplifaya na uchomoe plagi yake kila unapotaka kugusa waya wa spika. Ncha mbili za waya zikigusana wakati amplifaya inafanya kazi, transista zake za kutolea sauti zinaweza kuungua papo hapo. Vilevile usifungue kasha la amplifaya, kwa sababu kapasita kubwa zilizomo hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kila hatua iliyoelezwa hapa, hadi kwenye sehemu ya fundi, hufanyika nje ya kasha.

Hatua ya kwanza: ieleze kasoro kwa usahihi

Kusema kwamba sauti ni mbaya hakusaidii. Kaa mahali unapokaa siku zote, cheza rekodi zako, kisha ujiulize ni ubaya wa aina gani, unasikika upande gani, na unatokea wakati gani: muda wote, sauti inapopandishwa tu, au kwenye chanzo kimoja tu cha muziki. Majibu ya maswali hayo hupunguza sana eneo la kutafutia.

Mvumo mzito usiokoma, unaosikika hata muziki ukiwa umesimamishwa, huelekeza kwenye umeme na waya wa ethi, ule wa ulinzi unaokwenda ardhini. Mkwaruzo unaotokea pale tu unapozungusha kitufe cha sauti ni vumbi au kutu ndani ya kitufe hicho. Sauti inayochanika inapopandishwa huelekeza kwenye amplifaya iliyozidiwa au spika iliyoumia. Sauti nyembamba isiyo na besi, ambamo mwimbaji haonekani kusimama mahali popote bali anaelea pande zote, ni dalili ya kawaida ya spika moja kuunganishwa kinyume. Besi inayounguruma kwa noti moja na kupotea kwa nyingine ni kasoro ya chumba, si ya vifaa. Kukatika kwa vipindi vifupi vya ukimya hutokea zaidi kwenye Bluetooth, Wi-Fi na kebo za kidijitali, kwa sababu mawimbi ya kidijitali hayachakai polepole kama ya analogi. Ama yanafika, ama yanadondoka. Atakayekuambia kwamba kebo ya kidijitali inatoa sauti yenye besi laini zaidi kuliko nyingine, mwache aseme.

Hatua ya pili: kichunguze chanzo cha muziki na mipangilio yake

Anza na chanzo kwa sababu kukichunguza hakugharimu chochote. Cheza rekodi ile ile kutoka kwenye kifaa kingine, kwa mfano kompyuta badala ya simu, au diski badala ya intaneti. Sauti ikitakata, huna haja ya kugusa spika kabisa.

Kwenye simu au kompyuta, tazama kwanza kiwango cha ubora kilichochaguliwa katika programu ya muziki. Programu nyingi hupunguza ubora ili kuokoa data, na faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde huanza kuonyesha udhaifu wake kwenye matoazi, makofi na mwangwi, ilhali lile la kilobiti 320 kwa watu wengi halitofautiki kirahisi na diski. Kisha zima ikwalaiza zote, yaani virekebishi vya besi na sauti kali, ile ya simu, ile ya programu na ile ya amplifaya, maana si ajabu zote tatu kuwa zimeongeza besi kwa wakati mmoja. Zima pia vipengele vya kusawazisha ukubwa wa sauti na vile vya kuiga sauti ya kuzunguka. Angalia mipangilio ya ufikivu, kwa kuwa simu nyingi zina chaguo la kuchanganya pande mbili kuwa upande mmoja, na pia kitelezi cha kuegemeza sauti kushoto au kulia ambacho husogezwa bila mtu kukusudia.

Wanaotumia Bluetooth kutoka kwenye kompyuta wana mtego wao wa pekee. Programu ya mikutano au ya simu inapoifungua maikrofoni ya kifaa cha Bluetooth, muunganisho huhamia kwenye hali ya mazungumzo, ambamo sauti huchukuliwa sampuli 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde badala ya 44,100 za diski ya kawaida. Kwa kuwa sampuli hizo zinaweza kubeba masafa yasiyozidi nusu ya idadi yake, kila kilicho juu ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 4,000 au 8,000 hupotea, na muziki husikika kama wa kwenye simu ya zamani. Funga programu hiyo, au chagua maikrofoni nyingine, na muziki utarejea kama ulivyokuwa.

Jambo la tatu ni viwango. Simu inapounganishwa kwa kebo, pandisha sauti ya simu karibu na mwisho wake kisha urekebishe ukubwa kwa kitufe cha amplifaya. Ukifanya kinyume, yaani simu ikiwa chini na amplifaya juu, unakuza pia kelele ya umeme iliyomo katika mzunguko, na matokeo yake ni ile sauti ya “shhh” inayosikika nyuma ya nyimbo za polepole. Ikiwa simu inapasua sauti inapofika mwisho kabisa, ishushe kidogo.

Mashine ya santuri ina mlango wake. Sindano ya sumaku hutoa volteji ndogo sana, kiasi cha milivolti chache, ilhali kicheza diski hutoa hadi volti 2. Zaidi ya hapo, santuri hukatwa kwa besi iliyopunguzwa na sauti kali zilizoongezwa, na ni mlango wa santuri peke yake unaorudisha uwiano huo. Mashine ya santuri iliyochomekwa kwenye mlango wa kawaida husikika kwa mbali, nyembamba, bila besi. Kicheza diski kilichochomekwa kwenye mlango wa santuri hupasua sauti na kuvuma. Kasoro zote mbili huondoka kwa kuhamisha plagi, au kwa kuongeza kikuza sauti cha santuri pale ambapo amplifaya haina mlango huo.

Kwa televisheni, nenda kwenye menyu ya sauti na uchague PCM, yaani sauti isiyobanwa, kama namna ya kutoa sauti ya kidijitali. Spika au amplifaya isiyoweza kufasiri sauti iliyobanwa ya chaneli nyingi hukaa kimya au hutoa kelele, na watu huidhania kuwa imeharibika.

Hatua ya tatu: jaribio la kubadilishana pande

Hili ndilo jaribio ninalolithamini kuliko mengine yote. Mfumo wa stirio una njia mbili zinazofanana, ya kushoto na ya kulia, na njia nzima ni kipimo tayari cha njia mbovu. Tuseme kasoro inasikika kwenye spika ya kushoto.

Zima amplifaya, kisha nyuma yake badilisha nyaya za spika, ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto, na usibadilishe kitu kingine chochote. Washa na usikilize. Kasoro ikibaki kwenye spika ile ile ya kushoto, tatizo liko kwenye spika hiyo au waya wake. Ikihamia kwenye spika ya kulia, spika zote mbili hazina hatia, na tatizo liko kwenye amplifaya au nyuma yake kuelekea chanzo.

Katika hali ya kwanza, rudisha nyaya mahali pake, kisha ubadilishe spika zenyewe huku kila waya ukibaki pale ulipo. Kasoro ikifuata kasha la spika, spika ndiyo mbovu. Ikibaki na waya, waya ndio mbovu. Katika hali ya pili, rudisha nyaya za spika, kisha ubadilishe zile plagi mbili, nyekundu na nyeupe, zinazoingia kwenye amplifaya kutoka kwenye chanzo. Kasoro isipohama, amplifaya ndiyo yenye tatizo. Ikihama, tatizo liko kwenye kebo au kwenye chanzo, na ili kutofautisha hivyo viwili unarudisha plagi za upande wa amplifaya na kubadilisha zile za upande wa chanzo: kasoro ikihama safari hii, chanzo ndicho kibovu, isipohama, kebo ndiyo mbovu.

Andika matokeo ya kila hatua kwenye karatasi, hasa kama jaribio linafanyika usiku au mmekuwa wawili, mmoja akibadilisha na mwingine akisikiliza. Kinachoharibu jaribio hili ni kubadilisha vitu viwili kwa pamoja, kwa sababu sauti ikitengemaa hutajua ni kipi kilichoiponya.

Kasoro inapokuwa kwenye pande zote mbili kwa kiwango kile kile, jaribio hili halitoi jibu. Hapo tafuta kile ambacho pande zote mbili zinashirikiana: chanzo, amplifaya, umeme au chumba. Chomeka hedifoni kwenye amplifaya; sauti ikiwa safi kwenye hedifoni na mbovu kwenye spika, umeshaondoa chanzo na sehemu kubwa ya amplifaya katika orodha ya washukiwa.

Hatua ya nne: nyaya za spika na mwelekeo wa chanya na hasi

Chomoa nyaya zote za spika na uzitazame kwa tochi. Ncha inayofaa ni shaba inayong’aa yenye urefu wa takriban sentimita moja, iliyosokotwa vizuri bila uzi hata mmoja kutoka nje. Uzi mmoja uliopinda ukagusa tundu la jirani unatosha kuifanya amplifaya ijizime yenyewe kila sauti inapopandishwa, jambo ambalo wengi hulifasiri kuwa amplifaya imechoka. Shaba iliyogeuka nyeusi au kijani ikatwe, imenywe upya na kukazwa. Ukishazirudisha na kuwasha amplifaya, tikisa kila waya kwa kuushika kwenye ganda lake, si kwenye ncha, muziki ukicheza kwa sauti ya chini. Mkwaruzo ukija na kuondoka, umepata kiungo kilicholegea.

Kisha hakikisha kwamba kwenye spika zote mbili tundu jekundu la amplifaya limeunganishwa na tundu jekundu la spika, na jeusi na jeusi. Waya wa spika huwa na alama upande mmoja, mstari, mbavu au rangi tofauti, ili upande uleule utumike kwa chanya pote. Spika moja ikiwa kinyume, koni yake, ule uso unaotetemeka, inarudi nyuma wakati ya mwenzake inakuja mbele, na mawimbi ya masafa ya chini hufutana hewani. Ili kuthibitisha, sogeza spika mbili zitazamane kwa umbali wa kiganja, cheza sauti yenye besi iliyochanganywa kuwa ya upande mmoja, kisha uzime amplifaya, ugeuze nyaya za spika moja tu, na usikilize tena. Mpangilio unaotoa besi nzito zaidi ndio sahihi.

Spika isiyo na alama hupimwa kwa betri ndogo ya volti 1.5. Gusisha chanya ya betri kwenye tundu moja na hasi kwenye jingine kwa nukta moja tu, huku ukitazama koni ya wufa, ile spika kubwa ya besi ndani ya kasha. Ikiruka mbele, tundu lililoguswa na chanya ndilo chanya. Hakikisha spika imechomolewa kabisa kutoka kwenye amplifaya, na usitumie betri kwa kugusa twita, ile spika ndogo ya sauti kali, moja kwa moja, kwa kuwa koili yake, yaani waya uliozungushwa ndani, ni nyembamba mno.

Kuhusu unene wa waya, hesabu ni rahisi kuliko matangazo ya biashara. Shaba yenye eneo la milimita moja ya mraba ina ukinzani wa takriban omu 0.017 kwa kila mita. Spika iliyo mita 10 kutoka kwenye amplifaya inahitaji mita 20 za shaba, kwenda na kurudi, hivyo ukinzani ni omu 0.34. Kwa spika ya omu 8 hilo halina madhara ya kusikika. Kwa spika ya omu 4 ni bora kutumia waya wa milimita 2.5 za mraba, ambao kwa umbali huo huo una omu 0.14 tu. Zaidi ya hapo sioni sababu ya kulipia waya unaouzwa kwa sifa za madini yake. Ukweli ni kwamba waya mwembamba wa alumini iliyopakwa shaba, unaouzwa kana kwamba ni shaba tupu, ndio unaostahili kuepukwa, na huutambui kwa rangi ya nje bali kwa kukwangua uzi mmoja na kuona weupe ndani.

Hatua ya tano: mvumo wa umeme

Mvumo huchosha kuliko kasoro nyingine kwa sababu haunyamazi. Katika nchi zenye umeme wa hezi 50, mvumo husikika kwenye hezi 50 au 100. Katika zile za hezi 60, kwenye 60 au 120. Hatua ya kwanza ni kushusha kitufe cha sauti hadi mwisho. Mvumo ukiendelea kwa kiwango kile kile, unazaliwa ndani ya amplifaya baada ya kitufe hicho, mara nyingi kwa kapasita za umeme zilizozeeka, na hiyo ni kazi ya fundi. Ukipungua pamoja na kitufe, unaingia kutoka nje.

Sasa zima amplifaya, chomoa kebo zote zinazoingia, acha spika peke yake, kisha uiwashe. Ikiwa kimya, rudisha kebo moja baada ya nyingine, ukizima na kuwasha kila mara, hadi mvumo utakaporudi. Kebo iliyourudisha ndiyo mlango wake, ingawa si lazima iwe ndiyo mbovu. Sababu ya kawaida ni mzunguko wa ethi: vifaa viwili vimeunganishwa na ethi kwenye soketi mbili tofauti, na wakati huo huo vimeunganishwa na kebo ya sauti, kwa hiyo mkondo mdogo unazunguka kupitia ngao ya kebo hiyo na kuongezeka juu ya muziki.

Tiba ya kwanza ni kuchomeka vifaa vyote vya mfumo kwenye ekstensheni moja yenye ethi, iliyochomekwa kwenye soketi moja, mradi jumla ya matumizi yake haizidi uwezo wa ekstensheni hiyo. Tiba ya pili ni kuchomoa kebo ya antena au ya dishi kwenye televisheni. Mvumo ukikatika, weka kitenganishi cha mawimbi kwenye kebo hiyo. Tiba ya tatu ni kuchomoa chaja ya kompyuta na kuiacha itumie betri kwa muda, kama jaribio. Tiba ya nne, iliyo safi kuliko zote pale inapowezekana, ni kuunganisha televisheni na amplifaya kwa kebo ya nuru, kwa kuwa nuru haibebi umeme na hivyo mzunguko hukatika kabisa. Pale ambapo hakuna mlango wa nuru, transfoma ndogo ya kutenganisha mawimbi ya sauti hufanya kazi hiyo hiyo kwenye kebo ya analogi.

Kuna dawa moja ya mitaani ambayo lazima ikataliwe, nayo ni kukata pini ya ethi kwenye plagi au kuiziba kwa utepe. Mvumo huondoka kweli, lakini pamoja nao huondoka ulinzi unaokuokoa pale waya wa moto unapogusa kasha la chuma.

Mashine ya santuri inayovuma mara nyingi imesahauliwa ule waya mwembamba wa ethi unaopaswa kukazwa kwenye skrubu nyuma ya amplifaya. Kebo za sauti zinazolala sambamba na nyaya za umeme zitenganishwe, na pale zinapolazimika kukutana zipishane kama msalaba. Mlio mkali kama wa nyuki unaokuja taa inapofifishwa unatoka kwenye swichi ya kufifishia taa. Ile mipigo ya haraka inayosikika muda mfupi kabla simu haijaita ni mawimbi ya simu yenyewe; iondoe simu juu ya amplifaya.

Hatua ya sita: sauti inayochanika

Kila amplifaya ina kilele cha volteji ambacho haiwezi kukivuka. Muziki unapodai zaidi, vilele vya mawimbi hukatwa vikawa bapa, na mkato huo huzalisha masafa makali ambayo hayakuwamo kwenye rekodi. Twita hupokea nishati hiyo ya ziada na kuungua, hivyo amplifaya ndogo iliyolazimishwa inaweza kuua spika kwa urahisi kuliko amplifaya kubwa iliyotulia. Kuongeza nguvu maradufu, kwa mfano kutoka wati 50 hadi 100, huleta desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti inayosikika lakini ndogo; ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili, inahitajika nguvu mara 10 hivi. Anayetaka sauti kubwa zaidi kwa kiasi cha kuridhisha afikirie spika zenye usikivu mkubwa, yaani zinazotoa sauti kubwa zaidi kwa nguvu ile ile, si kubadilisha amplifaya ya wati 50 kwa ya wati 70.

Rudisha besi na sauti kali kwenye sifuri kabla ya kulaumu kifaa. Kupandisha besi kwa desibeli 10 ni kuidai amplifaya nguvu mara 10 katika eneo hilo. Halafu hesabu mzigo: spika mbili za omu 8 zilizounganishwa pamoja kwenye tundu moja huwa omu 4, na nne huwa omu 2, ambazo amplifaya nyingi za nyumbani hazizimudu. Kiwango cha chini kinachokubalika huandikwa nyuma ya amplifaya, karibu na matundu ya spika.

Ikiwa sauti inachanika hata ikiwa ya chini, ichunguze spika. Ondoa kitambaa cha mbele na utazame ukingo wa wufa. Ukingo wa sponji huoza kwa miaka na kumeguka, wakati ule wa mpira hudumu zaidi. Weka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni, kwa usawa, na uisukume ndani polepole na kwa upole. Inapaswa kwenda na kurudi kimya. Ukihisi mkwaruzo, koili inagusa sumaku. Ukingo pekee hubadilishwa na fundi wa spika na wufa ikaendelea kuishi, kwa hiyo usiitupe upesi. Kwa twita, cheza muziki kwa sauti ya chini na usogeze sikio karibu. Twita iliyokufa haitoi chochote, na mfumo mzima husikika umefunikwa. Multimita iliyowekwa kwenye matundu ya spika ya omu 8 iliyochomolewa huonyesha kawaida kati ya omu 5 na 7. Ikionyesha sifuri, kuna mguso ndani. Ikionyesha ukinzani usio na mwisho, wufa au waya wa ndani umekatika. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu twita, kwa sababu kapasita ya krosova, ule mzunguko unaogawa masafa kati ya wufa na twita, huizuia isionekane.

Kitufe cha sauti kinachokwaruza huzungushwa kutoka mwanzo hadi mwisho mara kadhaa, amplifaya ikiwa imezimwa. Mara nyingi hilo linatosha kwa miezi kadhaa.

Hatua ya saba: chumba

Hapa ndipo watu wengi hawataki kufika, ingawa ndipo penye mabadiliko makubwa kuliko kifaa chochote unachoweza kununua. Jaribio la kutenganisha chumba na vifaa ni dogo: sogea hadi sikio liwe kama nusu mita mbele ya spika moja, ukiwa umepunguza sauti. Kasoro ikipotea hapo na kurudi unapokwenda kukaa, chumba ndicho kinachohusika.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzijoto 20. Kati ya kuta mbili zilizo mita 5 mbali, wimbi la hezi 34 hivi hujikuta likirudi juu yake lenyewe na kujikuza, na vivyo hivyo wimbi la hezi 69 na la 103. Karibu na kuta masafa hayo husikika kwa wingi, na katika sehemu fulani za katikati hupotea kabisa. Ndiyo sababu mtu aliyekaa na kichwa chake ukutani hulalamika kwamba besi inamlemea, na aliyekaa katikati kabisa ya chumba hulalamika kwamba haipo, wote wakisikiliza spika zile zile. Sogeza kiti nusu mita au mita moja kutoka ukuta wa nyuma kabla ya kusogeza kitu kingine.

Spika nayo huathiriwa na ukuta ulio nyuma yake. Wimbi linalorudi kutoka ukutani hukutana na lile linalotoka mbele likiwa limechelewa, na kwa spika iliyo mita moja kutoka ukutani mfutano hutokea karibu na hezi 86, mahali palipojaa besi ya muziki. Kuisogeza karibu zaidi na ukuta hupandisha mfutano huo na kuongeza besi. Kuisukuma kwenye kona ya kuta mbili huongeza besi kupita kiasi na kuifanya ivume. Anza kwa kuweka spika mbili na kiti chako katika pembetatu ya pande sawa, twita zikiwa kwenye kimo cha masikio na spika zikielekezwa kidogo ndani, kisha usogeze sentimita 10 kwa wakati mmoja. Hakikisha umbali wa kila spika hadi ukuta wa ubavuni unakaribiana, la sivyo sauti itavutwa upande mmoja.

Piga kofi moja kali ukiwa umesimama unapokaa. Ukisikia mlio wa kutetemeka unaofuata kofi, kuta mbili tupu zinarushiana sauti. Zulia mbele ya spika, mapazia mazito, makochi na rafu ya vitabu vilivyopangwa bila usawa hupunguza hali hiyo kwa kiasi kikubwa. Sponji nyembamba za kubandika ukutani hunyonya masafa ya juu tu. Chumba kilichojaa sponji hizo hubaki na besi yake yote inayounguruma huku uhai wa muziki ukiwa umeondoka.

Sabufa, spika ya besi nzito peke yake, huwekwa kwa njia inayochekesha lakini inayofanya kazi. Iweke pale unapokaa, cheza besi yenye noti nyingi, kisha utambae sakafuni kando ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo noti zote zinasikika kwa usawa ndipo sabufa inapopaswa kukaa. Weka kikomo chake cha masafa kwenye hezi 80 kama mwanzo, kisha ugeuze swichi ya mwelekeo wa mawimbi kati ya digrii 0 na 180 na uchague ile inayotoa besi imara zaidi pale unapokaa. Shusha ukubwa wake hadi usiweze kusema sauti inatoka wapi.

Wakati wa kwenda kwa fundi

Acha kujaribu na uchomoe plagi mara moja ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi, au koni ya wufa ikisukumwa mbele na kubaki pale muziki ukiwa haupo. Hiyo ya mwisho ina maana kwamba amplifaya inatoa umeme wa moja kwa moja, kama wa betri, kwenye spika na koili itaungua kwa muda mfupi. Mwenye multimita anaweza kulithibitisha hilo kwa kupima matundu ya spika ya amplifaya, yakiwa matupu na bila muziki, kwa kipimo cha volti za moja kwa moja: thamani iliyo chini ya milivolti 50 ni ya kawaida, na inayofika volti nzima ni hatari.

Unapoipeleka amplifaya, mpe fundi ile karatasi ya matokeo. Mwambie ni upande gani, kwenye chanzo kipi, kasoro hutokea baridi au baada ya mashine kupata joto, na ni vitu gani umeshavibadilishana bila kasoro kuhama. Kasoro zinazojitokeza baada ya nusu saa ya joto mara nyingi ni lehemu iliyopasuka au kapasita iliyozeeka, na fundi asiyeambiwa hilo ataiwasha kwa dakika tano, ataona inacheza vizuri, na atakurudishia jinsi ilivyo.